Vigingi vya Bonde la Kamishango

Jumapili, 7 Oktoba 1973

Mvua za vuli zimechelewa, kwa hiyo leo watu walipotoka kanisani hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote. Mwalimu Mkuu Renatus alitoa redio yake barazani kama kawaida yake ya Jumapili, na habari ilikuwa moja tu: Waarabu na Waisraeli wameanza kupigana tena. Kila mtu akawa na la kusema, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona Myahudi, na Mwarabu tunamjua mmoja tu, yule mwenye duka Biharamulo mjini.

Kwa kuwa mimi ndiye ninayefundisha historia, waliniuliza ugomvi ulianzia wapi. Nikawaeleza nilivyosoma chuoni. Waingereza waliitawala nchi ile kwa udhamini, kama walivyotutawala sisi. Wayahudi wakawa wanaingia kwa wingi, wengi wao wakikimbia kuuawa huko Ulaya. Waingereza walipoona mambo yamewashinda, wakapeleka shauri Umoja wa Mataifa, na huko mataifa ya mbali yakapiga kura kwamba nchi igawanywe, sehemu ya Waarabu na sehemu ya Wayahudi. Wayahudi wakakubali, Waarabu wakakataa, na vita ikaanza.

Baba aliuliza kama wenyeji walikuwemo kwenye kura hiyo. Nikasema hapana, Waarabu wa pale walikataa hata kuonana na kamati iliyotumwa kuchunguza. Baba akasema walifanya vema. Mwalimu Renatus, ambaye pia ni katekista, akasema ardhi ile Mungu aliwapa Wayahudi tangu enzi za Ibrahimu, na jambo lililoandikwa halipigiwi kura. Ndassa, Msukuma aliye jirani yetu sisi Wasubi, alikuwa amesimama na baiskeli yake pembeni. Alisema taratibu kwamba yeye hajui maandiko, ila mtu aliyefukuzwa kila mahali lazima naye apate pa kulala.

"Alale," baba akamjibu. "Lakini asiamke asubuhi akamwambia mwenye nyumba, haya tugawane vyumba."

Watu wakacheka, na Ndassa akacheka pamoja nao. Jioni alikuja kwetu kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na baba alimmiminia yeye kwanza.

Alhamisi, 11 Oktoba

Mawingu tu.

Jumatatu, 15 Oktoba

Imenyesha tangu alfajiri. Mimi na kaka yangu Laurian tumepanda maharage upande wa chini wa kibanja, shamba letu la nyumbani, karibu na migomba ya marehemu babu. Ng'ambo ya kijito mke wa Ndassa, Nshoma, naye alikuwa akipanda na mwanawe Bulugu, yule aliyeoa mwaka huu. Tulipungiana mikono. Nilikuwa bado mwanafunzi walipofika hapa wakitoka Shinyanga, ng'ombe wao wamekonda mbavu nje. Baba ndiye aliyewaonyesha pa kujenga. Ndassa alileta mbuzi, wakala pamoja, yakaisha. Hakuna aliyeandika kitu. Baadaye ndugu zake wakamfuata, na ndugu za ndugu zake, na leo ng'ambo ile ina mazizi kuliko ninavyoweza kuyahesabu nikiwa huku.

Jumapili, 21 Oktoba

Serikali yetu imevunja uhusiano na Israeli. Ofisa mmoja kutoka wilayani, Ndugu Theonest, amekuja kutueleza sababu. Ni kijana wa Bukoba, mpole wa sura, anazungumza Kiswahili cha shule kama mimi. Alisema nchi ya watu haigawanywi na wageni waliokaa mezani mbali. Mgawanyo usiokubaliwa na wenye ardhi si halali, hata ukipigiwa kura na dunia nzima. Tukapiga makofi. Baba alipiga makofi mpaka watu walipokwisha kunyamaza.

Ndassa hakupiga. Nilimwona kwa sababu nilikuwa mbele nikiwatazama watoto wa kwaya.

Ijumaa, 2 Novemba

Ng'ombe wa ng'ambo wameingia kwenye maharage. Si wa Ndassa, ni wa jamaa zake waliokuja mwaka jana. Mistari yote ya chini imekwisha. Ndassa alikuja mwenyewe kuomba radhi, akaleta maziwa. Baba aliyapokea. Laurian aliyamwaga nyuma ya jiko baba asipoona.

Jumatano, 14 Novemba

Ndugu Theonest amerudi. Safari hii hakuja kuzungumzia nchi za watu. Amesema amri imetoka, wananchi wote wataishi katika vijiji, na hapa kwetu ugomvi wa wakulima na wafugaji lazima uishe kwanza. Kamati itaundwa. Itasikiliza pande zote, kisha bonde la Kamishango litagawanywa: upande wa wafugaji na upande wa wakulima, na hakuna atakayevuka.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga kusimama. Nikamwambia kwa heshima kwamba siku ile hapa hapa alitufundisha kuwa mgawanyo usiokubaliwa na wenye ardhi si halali, nikaomba atueleze huu una tofauti gani.

Hakukasirika. Aliniangalia kidogo, kisha akasema, "Kule walikuwa wakoloni, Mwalimu. Hapa sisi sote ni Watanzania. Ardhi ni ya umma. Msubi hana bonde lake, wala Msukuma hana lake. Sasa niambie, mwenye ardhi ninayetakiwa kumwomba ruhusa ni nani?"

Watu waligeuka kunitazama. Nikakaa. Mpaka sasa ninapoandika bado silioni jibu, ingawa najua kwamba kuna kitu hakiko sawa ndani ya maneno yale.

Jumamosi, 17 Novemba

Kamati imekaa leo shuleni. Wafugaji walifika wote, wamevaa mashuka safi, na Ndassa ndiye aliyewasemea. Upande wetu hakufika mtu, kwa sababu baba aliwaambia wasifike, na watu wa huku humsikiliza.

Asubuhi nilimsihi aende. Nilimwambia asipokuwepo wataamua bila yeye. Alikuwa akinoa jembe, hakuinua uso.

"Nikienda nimeshakubali kwamba wana haki ya kugawa," akasema. "Kitakachobaki ni kubishana juu ya vipande."

"Na usipokwenda, baba, watachukua vipande vyote."

"Wachukue. Watakuwa wamechukua, sio kwamba nimewapa."

Nikaenda shuleni peke yangu kufungua darasa. Mkutano haukuchukua muda mrefu. Ndugu Theonest aliuliza kama yupo mwenye pingamizi, akangoja, akatazama mlangoni, akangoja tena. Naamini alikuwa anataka baba aingie.

Jumatatu, 26 Novemba

Leo wamepitisha kamba ya katani bondeni na kupigilia vigingi. Walikosea, au hawakutaka kusumbuka na kona za kijito; mstari umenyooka kama rula. Huku juu umekata kibanja chetu, na migomba ya babu pamoja na makaburi yake na bibi na mama vimeangukia upande wa wafugaji. Kule chini umekata ng'ambo, na pale kivukoni Ndassa anaponywesha ng'ombe tangu alipokuja, mahali pekee wanapoweza kushuka majini, pameangukia upande wa wakulima.

Baba alitoka na panga, nikadhani anakwenda kukata kamba. Alipita juu ya kamba kama haipo, akaenda kupogoa migomba yake.

Jumapili, 2 Desemba

Shule imefungwa. Baada ya ibada nilikwenda ng'ambo kumwona Ndassa, bila kumwambia baba. Nilimsalimia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ile ile ya siku zote, akanipa kigoda. Nshoma alileta uji wa mtama.

Nilikuwa nimekwenda na hasira. Nilimwuliza ilikuwaje akaenda kukubali mstari juu ya ardhi aliyopewa na baba yangu.

"Baba yako ni mtu mwema," akasema. "Lakini mimi nimeishi hapa kwa wema wake, Mwalimu. Kila mwaka nalima nikijua nalima kwa wema wa mtu. Siku akifa, nitamdai nani wema huo? Laurian?"

Nikaweka bakuli la uji chini.

"Mstari ule ni mbaya. Umeninyima maji. Lakini ndio kitu cha kwanza katika maisha yangu kinachosema hapa ni pako. Kwetu tulifukuzwa na jua. Ukiniambia niondoke, sina jina la mahali pa kukutajia."

Nimerudi nyumbani nikiwa sina hasira, na hilo limenisumbua kuliko hasira. Nilimweleza baba. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kama Ndassa alitaka neno la uhakika angekuja kuliomba kwake, si kwa kijana wa Bukoba. Nikamwuliza kama angempa. Akainuka, akaenda kuangalia migomba yake.

Jumanne, 11 Desemba

Mvua. Kijito kimefurika. Migomba mitatu imeliwa, na Laurian na vijana wenzake sasa wanalinda kivuko kwa zamu ili ng'ombe wasivuke mstari kuja kunywa. Wanasema wanatekeleza mstari. Laurian alikuwa wa kwanza kuukataa. Sasa ndiye anayeutumia.

Ijumaa, 14 Desemba

Ng'ombe wa ng'ambo wanalia mchana kutwa. Maji ya mvua yapo madimbwini, lakini kundi kubwa halitoshelezwi na madimbwi. Nimemwomba baba amkataze Laurian. Baba amesema yeye hajaweka mstari, hawezi kuulinda wala kuuondoa. Ni mara ya kwanza kumwona akijificha nyuma ya maneno.

Alhamisi, 20 Desemba

Nitaandika kwa mfuatano, maana kichwa hakitulii.

Asubuhi mvua ilikatika kidogo. Nilikuwa nikichambua maharage nilipomsikia Mwalimu Renatus akiniita kutoka njiani, akisema nilete sanduku la dawa la shule. Sikuuliza. Nilipofika kivukoni watu walikuwa wamesimama mbali mbali, makundi mawili, na katikati kwenye matope Bulugu amelala, Nshoma amemshika kichwa.

Walionieleza ni wengi na maelezo yao hayafanani. Ninachoweza kuamini ni hiki. Bulugu aliwateremsha ng'ombe kunywa. Laurian akamzuia. Bulugu akasema atanywesha, kisha atarudi, na kama wanataka kuwaua ng'ombe waanze na yeye. Akamsukuma Laurian kwa fimbo. Laurian akapiga panga. Wengine wanasema alilenga fimbo. Panga liliingia pajani juu, karibu na nyonga.

Damu ilikuwa inatoka kwa kuruka. Nilifunga kanga yangu juu ya jeraha, nikakaza kwa kipande cha ile fimbo, kama tulivyofundishwa chuoni, lakini jeraha lilikuwa juu mno na hapakuwa na mahali pa kufunga pakashika. Nikakandamiza kwa mikono. Laurian alikuwa amesimama hatua chache, panga bado mkononi, akisema jina la Bulugu, akilirudia kama mtu anayeamsha aliyelala. Walicheza mpira pamoja hawa. Mwalimu Renatus akamnyang'anya lile panga, naye hakukataa.

Lori la mbao lilikuwa barabarani, dereva akakubali kutupeleka hospitali Biharamulo. Tulimpandisha Bulugu juu ya mbao. Nshoma alikaa upande wa kichwa, mimi nikabaki na mikono yangu palepale, Ndassa akasimama ameshika ubao, anatazama mbele. Mvua ikaanza tena. Tulipita daraja la kwanza salama. Kwenye mteremko unaofuata lori likaserereka, tairi za nyuma zikazama mpaka kwenye ekseli. Dereva na utingo wake walikata matawi, wakayatupia chini ya tairi, wakasukuma na kusukuma. Ndassa aliteremka akasukuma nao. Lori lilikuwa likinguruma na kuzama zaidi.

Bulugu aliomba maji. Nshoma alikinga kiganja mvuani akamnywesha. Baadaye aliuliza kama ng'ombe walikunywa. Nshoma akasema walikunywa wote. Mimi nilikuwepo kivukoni, nilijua hawakunywa.

Nilihisi chini ya mikono yangu damu imepungua nguvu, nikafurahi nikidhani imeanza kuganda. Nshoma ndiye aliyenishika kifundo cha mkono. "Acha sasa, Mwalimu," akasema.

Ndassa alikuwa bado anasukuma lori. Ilibidi dereva amwendee. Hakulia. Alisema tu kwamba basi hakuna haja ya kwenda mbele. Akambeba mwanawe mgongoni, akakataa kusaidiwa, akaanza kurudi kwa miguu katika mvua ile, Nshoma nyuma yake. Nami nilifuata nyuma yao. Hakuna aliyeniambia nifuate na hakuna aliyeniambia niache.

Ijumaa, 21 Desemba

Laurian alijipeleka mwenyewe kwa polisi. Baba alimsindikiza mpaka barabarani na kurudi.

Jumanne, 25 Desemba

Noeli. Hatukwenda kanisani.

Jumamosi, 29 Desemba

Upande ule nao sasa wana pinde wanapochunga. Hakuna anayevuka, si kwa maji wala kwa makaburi. Mstari umefanya kazi yake.

Jumatano, 9 Januari 1974

Mgambo wamefika na malori, na Ndugu Theonest amekuja nao. Amekonda. Amesoma tangazo: kwa kuwa damu imemwagika, na kwa kuwa bonde lina ardhi nzuri, bonde lote sasa litakuwa shamba la serikali. Watu wa pande zote mbili watahamia kijiji kipya kule barabarani. Ng'ombe watahesabiwa na kupelekwa mbali. Wiki ijayo paa zinaondolewa, anayetaka bati lake aling'oe mwenyewe.

Safari hii baba alikuwepo mkutanoni, na Ndassa pia, wamesimama mbali mbali. Hakuna aliyeuliza swali. Walipotawanyika nilimfuata ofisa, nikamwambia kwamba watu wawili waligombania bonde, mmoja amempoteza mtoto kaburini na mwingine gerezani, na sasa bonde si la yeyote kati yao.

"Nililala nikifikiri mstari utazuia hili," akaniambia. "Nilifikiri hivyo kweli. Ningefanya nini, Mwalimu? Ningewaacha?"

Nilitaka kumwambia angewauliza. Lakini alimwuliza baba, na baba hakwenda. Nilitaka kumwambia baba angekwenda. Lakini nani alimpa ofisa kiti cha kumwita baba mbele yake? Kila nikianza mahali napata mkosaji mwingine. Nikamuaga.

Jumatano, 16 Januari

Tumehama. Maharage yaliyosalia yalikuwa yameanza kukauka, tumeyaacha yakiwa bado shambani.

Jumapili, 20 Januari

Kijiji kipya ni mistari ya viwanja juu ya udongo mwekundu, hakuna mti. Kila familia imepewa nguzo na nyasi, zingine hazikutosha. Kibanda chetu kinavuja upande anaolala baba. Anakohoa. Nilimhamishia kwangu, akarudi mwenyewe. Hasemi na mtu. Nimemwona mara mbili akitazama mistari ya viwanja, kichwa kikigeuka polepole kutoka kigingi kimoja hadi kingine.

Ndassa yuko mstari wa pili. Amebakiwa na maksai wawili na mkokoteni. Tunakutana kisimani mimi na Nshoma, tunasalimiana, kila mtu anajaza ndoo yake.

Jumanne, 29 Januari

Baba ana homa. Mganga wa zahanati amesema ni kifua, ametoa vidonge. Kuhusu Laurian hatujasikia lolote, isipokuwa kwamba yuko Bukoba akingoja kesi.

Ijumaa, 1 Februari

Baba amefariki leo asubuhi. Jana alizungumza. Aliomba azikwe kwenye kibanja chake, kando ya kaburi la mama. Sikumwahidi, nilimshika mkono tu.

Nilikwenda kwa Ndugu Theonest, akakubali bila kusita. Alisema kuzika si kulima, ila gari hana la kutupa. Ni mbali, njia ni matope, na wanaume wa kubeba jeneza umbali ule hawapatikani. Nusu yao wana homa. Mkokoteni uko mmoja tu kijijini.

Nilikwenda peke yangu. Ndassa alikuwa amekaa mlangoni, akisuka kamba. Nilimsalimia, akaitika. Nilimweleza. Aliweka kamba chini, akasikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Nilimheshimu baba yako," akasema. "Hata leo namheshimu. Ningemchukia ingekuwa rahisi. Lakini mwanangu nilimbeba mgongoni, Mwalimu, na hakuna mtu wa kwenu aliyetoka nje tulipopita. Maksai ni hawa hapa, unawaona. Siwezi."

Nikamwambia nimeelewa. Na ni kweli nilielewa. Siku ile nilitembea nyuma yake, niliiona milango ya kwetu ikiwa imefungwa, na wa nyumbani kwangu ulikuwa mmojawapo.

Jumapili, 3 Februari

Tumemzika baba hapa hapa kijijini, ukingoni mwa viwanja. Ni kaburi la kwanza. Mwalimu Renatus aliongoza sala. Alipofika mahali panaposema juu ya nchi ya ahadi aliruka mistari, akaendelea na mengine.

Mchana wanawake wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye mkeka uani. Nshoma akaja, kanga imefungwa kichwani, peke yake. Hakuna aliyempisha. Shangazi yangu alisogea, lakini alisogea kumkimbia, na wengine wakasogea naye, mpaka upande mmoja wa mkeka ukabaki mtupu. Nshoma akakaa pale penye utupu, miguu ameikunja.

Niliinuka nilipokuwa nikakaa karibu naye. Shangazi akaniita kwa jina, Benedicta, kwa sauti ya kuonya. Sikugeuka.

"Mume wangu hajui kwamba niko hapa," Nshoma akaniambia chini chini.

Nikamwambia na ndugu zangu hawataki awe hapa.

"Naona," akasema.

Hakuondoka. Jua lilikuwa kali, uani hakuna kivuli. Tulikaa hivyo, mimi na yeye, mpaka watu wakaanza kwenda zao mmoja mmoja.